Kufundisha wanafunzi wa chuo kutengeneza podikasti: wanafunzi 48, wiki 6, studio hakuna

mhadhiri_wa_zamu

Wakuu, salaam. Muhula ujao nina kozi ya stadi za mawasiliano, wanafunzi 48 wa mwaka wa pili kutoka fani mchanganyiko. Badala ya insha ya mwisho nataka watengeneze podikasti inayoeleza jambo moja la fani zao kwa msikilizaji wa kawaida. Nina wiki 6, kipindi kimoja cha saa mbili kwa wiki. Vifaa vilivyopo: simu zao, kompyuta 20 za maabara, rekoda moja ya mkononi na maikrofoni mbili za USB. Studio hakuna. Kuna vyumba vya semina vyenye kuta tupu na sakafu ya vigae.

Mpango wa sasa: makundi ya watu wanne, kila kundi kipindi cha dakika 20. Wiki ya kwanza vifaa, ya pili programu ya kuhariri, halafu wakarekodi. Naomba msaada kwenye haya:

1. Mpango una kasoro gani?
2. Simu zinatosha au nihangaike kutafuta maikrofoni zaidi?
3. Nisahihishe vipi bila kumpa alama mwenye simu nzuri na bila kumbeba anayetegea?
4. Muziki wa kufungulia waupate wapi bila kuleta kesi?

sikio_kwanza

Mkuu, kasoro kubwa ni hizo dakika 20. Kwa anayeanza, kadiria robo saa ya kuhariri kwa kila dakika inayobaki, kwa hiyo kundi litakaa saa 5 mbele ya kompyuta kwa ajili ya kipindi ambacho nusu yake ni porojo za kujaza muda. Na wewe je? Makundi 12 mara dakika 20 ni saa 4 za kusikiliza, na hapo hujarudisha nyuma hata mara moja. Weka dakika 6, ukomo 7, atakayezidi anakatwa alama. Makundi yote 12 yatakula dakika 72, yanaenea kwenye kipindi kimoja cha darasa na chenji inabaki. Hapo unaweza kusikiliza rasimu pamoja nao kisha toleo la mwisho peke yako. Kazi hii mtu huijua kwa kuirudia, na kipindi cha dakika 20 hakuna kundi litakalokirudia.

Kasoro ya pili ni kuanza na vifaa. Wiki ya kwanza fundisha sikio. Kabla ya darasa, rekodi aya moja ileile kwa simu ileile ndani ya hicho chumba cha vigae: mdomo ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye simu, kisha sentimita 60, kisha mita 2. Sawazisha rekodi zote tatu ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, maana usipofanya hivyo watakwambia tofauti ni kwamba moja iko juu na nyingine iko chini. Zikiwa sawa, mwangwi unajianika wenyewe. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja hupungua desibeli 6, lakini ile inayodunda ukutani haibadiliki sana. Kwa hiyo anayekaa mbali anarekodi chumba kuliko anavyojirekodi mwenyewe, na ukija kuongeza sauti baadaye unaongeza na chumba. Baada ya hapo wape dakika 20 watoke, kila mtu arekodi sekunde 60 za maelezo katika sehemu mbili tofauti za jengo, warudi mlinganishe.

Wiki ya 2 ni wazo na skripti, ya 3 ni mahojiano na kurekodi, ya 4 kuhariri, ya 5 kusikiliza rasimu, ya 6 kumalizia. Kuhariri msijifunzie kwenye rekodi zao. Wape wote faili moja la mazoezi la dakika 3 ulilolipanda makosa kwa makusudi: kikohozi katikati ya neno, sentensi iliyorudiwa mara mbili, ukimya wa sekunde 5, mlango uliobamizwa, na mgeni ambaye sauti yake iko chini kuliko ya mtangazaji. Kazi: kila mmoja peke yake alipunguze mpaka sekunde 90 bila kupotosha maana.

Tega na mtego mmoja humo. Mgeni aseme: "Sisemi dawa hiyo haifai. Ninachosema ni kwamba haijapimwa kwa watoto." Kati ya wanafunzi 48 hawakosekani watakaobakiza "dawa hiyo haifai" kwa kuwa ni fupi na ina mvuto. Cheza toleo hilo mbele ya darasa bila kutaja aliyelikata. Maadili ya uhariri yataeleweka hapo kuliko kwenye slaidi kumi.

mpasuko_wa_P

Najibu la pili. Simu zinatosha kabisa, ila zina masharti yake.

Maikrofoni kuu ya simu nyingi iko ukingo wa chini, pale pa kuchajia. Hapo ndipo paelekee mdomoni, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na iwe pembeni kidogo ya njia ya pumzi. Ikikaa mbele moja kwa moja, kila P na B itapiga kishindo, maana hewa ya herufi hizo inakwenda mbele kwa nguvu. Ukizungusha simu kama nyuzi 45, sauti inafika na upepo unapita. Simu isilazwe juu ya meza tupu; kila kidole kitakachogusa meza kitasikika kama ngoma. Iegemezwe kwenye rundo la vitabu lililotandikwa sweta au taulo. Kuishika mkononi ni mbaya zaidi, kwa sababu mkono hauwezi kutulia dakika 15.

Iwekwe kwenye hali ya ndege kabla ya kurekodi. Kuzima mlio peke yake hakutoshi, kwani simu ikiingia, programu nyingi za kurekodi husimama kimya kimya na kundi litagundua mgeni akishaondoka. Kwenye mipangilio wachague sauti isiyobanwa kama ipo. WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili za stereo, sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, inakula takriban MB 5.3 kwa dakika, kwa hiyo mahojiano ya nusu saa ni kama MB 160. Nafasi ikaguliwe kabla, si mgeni akiwa ameshakaa. Na wasitumiane rekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp; unabanwa vibaya na kilichopotea hakirudi. Kama hakuna njia nyingine, faili litumwe kama hati.

Visikizi vya Bluetooth visitumike kama maikrofoni. Maiki yake ikiwashwa, muunganisho unahamia kwenye hali ya simu na ubora unashuka mara moja, sauti inakuwa kama ya mtu aliyepiga akiwa ndani ya basi. Visikizi vya waya vya kawaida ni bora kuliko hivyo vya bei.

Kuhusu maiki zako mbili za USB: usitegemee kuzichomeka zote kwenye kompyuta moja. Audacity, na programu nyingine nyingi, hurekodi kutoka kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Kila maiki iwe na kompyuta yake, watu wapige kofi moja kubwa mwanzoni na jingine mwishoni, kisha wakati wa kuhariri mlinganishe vilele vya makofi. La mwisho lina kazi yake: saa za vifaa viwili hazitembei sawa kabisa, na kwa rekodi ya saa nzima zinaweza kuachana kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Kofi la pili litaonyesha zimeachana kiasi gani.

Angalieni pia maiki yenyewe inasikia upande gani. Maikrofoni nyingi za kondensa zinazosimama mezani zinasikia ubavuni, upande wenye nembo, na siyo kichwani. Mwanafunzi akiielekeza kama ya muimbaji jukwaani, anaongea na upande ambao maiki haikutengenezwa kuusikia vizuri, halafu analalamika kifaa kibovu.

Chumba: kimbieni vigae. Nendeni maktaba, katikati ya rafu za vitabu. Au chumba chenye zulia na mapazia. Au gari lililoegeshwa kivulini na injini imezimwa. Gari ni studio nzuri kuliko watu wanavyodhani, viti vinanyonya sauti na kuta haziko sambamba. Feni na kiyoyozi vizimwe. Friji ikiwa karibu, aliyeizima aache funguo zake juu ya friji ili asiondoke bila kuiwasha tena.

Kiwango cha kurekodi: vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo cha programu, visiguse 0 kamwe. Sauti iliyopasuka haitengenezeki, iliyo chini kidogo hupandishwa. Mwambieni mgeni acheke wakati wa kupima, maana kicheko ndicho kinachopasua. Na kabla ya kuondoka, warekodi sekunde 30 za chumba kitupu, watu wote kimya, za kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Wasipofanya hivyo, kila watakapokata na kuacha pengo, msikilizaji atasikia shimo.

kalamu_ya_redio

Wenzangu mmekimbilia waya. Mnisamehe, lakini vipindi vingi vya wanafunzi vinakufa kwenye skripti, na simu haihusiki. Wanachukua insha wanaisoma.

Mfano. Mwanafunzi wa sayansi ya bahari ataandika hivi:

"Wastani wa ukolezi wa chumvi katika maji ya bahari, ambao hutofautiana kulingana na viwango vya uvukizi na uingiaji wa maji baridi, unakadiriwa kuwa takriban gramu 35 kwa kila kilogramu."

Kwa jicho haina tatizo. Kwa sikio, mtu ameshapotea akiwa kwenye "ambao hutofautiana", na namba inapofika hakumbuki ni ya nini. Sasa isikie hii:

"Chota lita moja ya maji ya bahari. Yachemshe mpaka yakauke. Chini ya sufuria itabaki chumvi. Gramu thelathini na tano hivi, karibu vijiko viwili vya chakula. Kuna bahari utapata zaidi ya hapo: zile zenye jua kali na mito michache."

Habari ni ileile, sentensi fupi, kila moja ina jambo moja, na namba imeshikwa mkononi. Wape zoezi hilo wiki ya 2: kila mmoja alete aya moja ya kitabu chake cha fani, aigeuze, aisome kwa sauti mbele ya mwenzake ambaye haoni karatasi. Mwenzake arudie alichoelewa. Kinachokosekana katika maelezo ya mwenzake ndicho cha kuandika upya.

Kiswahili kina mitego yake hapa. Kiambishi "a-" hakisemi ni nani. "Alimwambia alikosea": aliyekosea ni yupi? Msomaji atarudi juu kutazama, msikilizaji hana pa kurudi. Rudia jina hata kama kwenye karatasi linaonekana kuchosha. Vivyo hivyo "hicho", "hayo" na "yake" vikiwa mbali na nomino yake. Ukipita sentensi mbili, taja nomino upya. Chanzo kitangulie habari: "Wizara inasema..." kabla ya kilichosemwa, kwa sababu anayesikia anataka kujua aamini kiasi gani kabla hajapokea. Namba ziandikwe kwa maneno kama zitakavyotamkwa, na vifupisho virefushwe mara ya kwanza.

Urefu wa skripti usikadiriwe kwa kurasa. Kila mtu asome ukurasa mmoja kwa kasi yake huku saa inahesabu, kisha wagawe. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo hesabu za maneno kwa dakika mnazozikuta kwenye miongozo ya Kiingereza zitawadanganya.

Kwenye mahojiano, mambo matatu tu. Swali lianze na "vipi", "kwa nini" au "nieleze", wala lisijibike kwa ndiyo au hapana. Mgeni aombwe aingize swali ndani ya jibu, ili sauti ya muulizaji ikiondolewa jibu lisimame lenyewe. Na baada ya jibu, mwanafunzi ahesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi mgeni huendelea mwenyewe na hapo ndipo anaposema kitu cha maana. Mazoea ya "mm", "ehee", "sawa sawa" kila sekunde yaachwe. Hayakatiki, yamelala juu ya maneno ya mgeni. Atikise kichwa tu.

mhadhiri_wa_zamu

Asanteni sana, wakuu. Dakika 20 nimeshazifuta. Kwenye uhariri, niwafundishe hatua zipi? Programu ina vitufe mia na nina saa mbili. Halafu kuna suala la skripti za akili bandia, sijui nilizuie vipi.

treki_mbili

Vitufe mia, watumie vinane. Tumia Audacity, ni bure na inafanya kazi Windows, Mac na Linux, kwa hiyo hata asiye na nafasi maabara anaendelea nyumbani. Kuna watakaokwambia Reaper ni bora. Ni kweli ina nguvu, lakini saa mbili zitaisha mkiwa bado kwenye menyu.

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko kazi yenyewe. Kwanza wakate maneno mpaka hadithi ikae sawa, bila kugusa ubora wa sauti hata kidogo. Wanafunzi hupenda kung'arisha dakika 15 halafu wakaja kutupa 9 kati ya hizo. Maneno yakishakaa: chujio la kuondoa mngurumo wa chini ya hertz 80, kisha kupunguza kelele, kisha kompresa kwa uwiano wa 3:1 ili minong'ono na makelele visogeleane, kisha kusawazisha ukubwa wa sauti, na mwisho limita, yaani kizuizi cha vilele, yenye dari ya desibeli -1. Ukisawazisha kabla ya kompresa, vilele vya sauti vitapanda vigonge dari na utarudi palepale pa kupasuka.

Kupunguza kelele: wachague zile sekunde 30 za chumba kitupu kama sampuli, kisha waombe desibeli 6, wasikilize, wakiona haitoshi waende 9, na 12 iwe mwisho. Zaidi ya hapo sauti ya mtu inaanza kuwa kama anaongea chini ya maji. Feni ya mbali kidogo inavumilika. Mtu wa chini ya maji havumiliki.

Lengo la ukubwa wa sauti ni -16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), ndicho Apple wanachopendekeza kwa podikasti. Mkato ufanyike pale wimbi la sauti linapopita kwenye mstari wa sifuri au kwenye pumzi, la sivyo utasikia "tik". Na wasifute pumzi zote, mtu asiyepumua anatisha.

mpasuko_wa_P

Nyongeza hapo kwenye -16. Hiyo ni ya stereo. Faili likiwa mono, na mazungumzo hayahitaji stereo, lengo ni -19, kwa sababu mono ikichezwa kwenye spika mbili inapimwa juu kwa 3. Audacity ina kisanduku cha kuichukulia mono kama mono mbili. Kikiwekwa alama, andika -16 na yenyewe itafanya hesabu. Kisipowekwa alama, andika -19. Kundi moja likitumia njia hii na jingine ile, darasani mtakuwa mnapandisha na kushusha spika kila dakika 6. Na namba inayokuwepo tangu mwanzo kwenye dirisha hilo ni -23, ambacho ni kipimo cha utangazaji wa Ulaya, kwa hiyo asiyebadilisha kitu atatoa kipindi cha chini mno.

Toleo la mwisho: MP3 ya mono, kilobiti 96 kwa sekunde. Dakika 6 ni kama MB 4.3, inapakuliwa hata kwenye mtandao dhaifu. WAV yake ingekuwa MB 32.

treki_mbili

Sahihi kabisa, nilifikiria stereo.

Waambie pia tofauti ya kuhifadhi mradi na kutoa faili la sauti. Usiposema, siku ya mwisho utapokea mafaili ya mradi wa Audacity (.aup3) na wengine watapokea sifuri huku wanaapa wamewasilisha. Chukua vyote vitatu: rekodi ghafi, mradi, na MP3. Majina yawe ya mtindo mmoja, mfano kundi07_rasimu1. Faili linaloitwa "final_mwisho_kabisa2" lirudishwe bila kufunguliwa.

sikio_kwanza

Suala la akili bandia linahusiana na la kutegea, nijibu pamoja.

Wiki ya 2, kabla hawajaandika neno, kila mmoja arekodi dakika 2 akimweleza mwenzake wazo lake bila karatasi. Skripti ijengwe kutokana na rekodi hiyo na aiwasilishe pamoja nayo. Hutakuwa umezuia mashine, lakini utasikia mara moja kama anayezungumza kwenye toleo la mwisho ni mtu yuleyule. Kipindi kilichotungwa na mashine kina dalili: kinafunguka kwa "karibu katika kipindi chetu cha leo ambapo tutachunguza", kila hoja ina pande tatu, na hakuna mgeni aliyesema kitu ambacho kundi halikukitarajia. Alama za mahojiano zitakupa nguvu hapo, kwa sababu mashine haiendi kukaa na fundi wa maabara dakika 20.

Alama ningegawa hivi, kwa 100: usahihi wa maudhui na wazo 30, skripti na muundo 25, mahojiano 15, uhariri 15, na 15 za mtu binafsi. Ubora wa sauti usiwe na alama za kupanda. Uwe kizingiti: kipindi kinaeleweka chote kwenye spika ya simu, bila kusogeza sikio? Kama ndiyo, kimepita. Kama hapana, kinarudishwa mara moja kirekebishwe. Mwenye simu ya ghali hapati kitu cha ziada, na mwenye simu ya kawaida hana kisingizio maana umeshamfundisha kusogea karibu na kukimbia vigae. Kwenye zile 15 za uhariri pima maamuzi: wamekata nini, wamebakiza nini, maana imebaki salama?

Zile 15 za mtu binafsi zitoke sehemu mbili: lile zoezi la sekunde 90 alilofanya peke yake, na maswali ya mdomo. Kila kundi dakika 5, mradi umefunguliwa kwenye skrini. Usimuulize mhariri. Mchague ambaye hakuhariri, weka kidole kwenye mkato wowote, muulize kwa nini uko hapo na nini kiliondolewa. Aliyetegea hujulikana kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Makundi 12 ni saa moja tu.

Rasimu zikisikilizwa wiki ya 5, msisimamishe katikati. Kila msikilizaji awe na karatasi na aandike dakika na sekunde ambapo mawazo yake yalihama. "Ilikuwa nzuri" haikubaliki. Watu wanane wakiandika 2:40, kundi halihitaji mwalimu kulieleza kuna nini hapo.

kalamu_ya_redio

Muziki na ruhusa, kwa kuwa bado hamjavigusa.

Ile habari kwamba sekunde 30 za wimbo wowote ni halali, ifuteni kichwani, hakuna kanuni kama hiyo. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Utunzi wa kale unaweza kuwa umeshakuwa mali ya umma, lakini okestra iliyourekodi majuzi ina haki yake. Njia nyepesi ni kutafuta kazi zenye leseni za Creative Commons (CC), ambazo mwenye kazi anawaruhusu wengine kuitumia kwa masharti aliyochagua. CC0 haina sharti. CC BY inataka utaje jina la kazi, mtunzi, leseni na kiungo, na utaje kama umeibadilisha. Zenye ND, yaani zisizoruhusu kusambaza toleo lililobadilishwa, ziepukwe, kwa sababu ukikata na kuchanganya unaweza kuhesabiwa umebadilisha. Na kiungo cha leseni kihifadhiwe siku ileile mlipopakua.

Mimi kwa dakika 6 ningewaruhusu sekunde 8 mwanzoni na 8 mwishoni, basi. Muziki chini ya maneno uwe chini yake kwa desibeli 15 au zaidi, na wasiotumia muziki kabisa wasipoteze alama.

Ruhusa ya mgeni ichukuliwe kwa maandishi na pia irekodiwe: jina, anachokubali, kipindi kitawekwa wapi, na mpaka lini anaweza kujitoa. Kwa kawaida vipindi vibaki kwenye mfumo wa darasa, kwenda hadharani kuwe kwa hiari ya kundi na mgeni. Mgeni akitaka asijulikane, kubadilisha unene wa sauti yake kwa programu hakutoshi, mara nyingi kunaweza kurudishwa. Maneno yake yasomwe na mtu mwingine.

Na kila kipindi kiambatane na maandishi yake yote. Miongozo ya WCAG, ya kufanya maudhui ya wavuti yafikiwe na watu wenye ulemavu, inahesabu hilo katika ngazi A, ya chini kabisa, kwa sauti iliyorekodiwa. Zana za kunukuu zinasaidia kuanza, ila majina ya watu na istilahi huzikosea, kwa hiyo mtu aketi asikilize na asahihishe.

mgeni_jukwaani

Samahani kuingilia, nasimamia zoezi kama hili sasa hivi. Kundi moja limeleta rasimu ambayo mgeni, mtu mzima, anasikika kama mtoto na anaongea haraka. Rekodi ghafi iko sawa. Tatizo ni nini?

treki_mbili

Kiwango cha sampuli. Rekodi ni ya sampuli 44,100 kwa sekunde na mtu ameingia kwenye menyu ya treki (mstari wa sauti kwenye skrini) yenyewe akachagua 48,000 akidhani anaongeza ubora. Hapo Audacity haibadilishi faili, inalicheza tu kwa kasi mpya, karibu asilimia 9 zaidi, na sauti inapanda pamoja nayo. Pima urefu: kama dakika 6:00 zimekuwa 5:31, ndiyo yenyewe. Warudishe 44,100 kwenye menyu hiyohiyo. Wakitaka kweli 48,000, watumie amri ya kubadilisha sampuli iliyo kwenye menyu ya treki juu ya dirisha. Kama walishakata na kupanga treki nyingine kufuata hiyo iliyoharakishwa, mipangilio yote itasogea, kwa hiyo wahifadhi nakala ya mradi kwanza.